Herufi H kwenye karatasi ya ini

Shemeji yangu ni mtu wa salamu ndefu. Kabla hajasema anachotaka, lazima aulize habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na hali ya mvua huko mlikolala. Kwa hiyo aliponitumia picha ya karatasi saa tano usiku bila hata "shikamoo za usiku" zake za utani, nikajua kuna jambo. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imepigwa picha juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani, na mistari miwili imezungushiwa kalamu ya bluu: ALT 71 H. AST 52 H. Chini yake akaandika: "Shemeji, ndiyo ini limekwisha?"

Alikuwa amekwenda kupima afya kwa sababu mwajiri alitaka. Aliyempa majibu alimwambia vimeng'enya vya ini vimepanda, aepuke mafuta, kisha akamwita mteja mwingine. Waswahili husema habari mbaya hukata maini. Hii ilimkata kwa maana zote mbili.

Alipokuja kwangu Jumamosi alikuwa ameshaacha mayai, nyama na chai ya maziwa, na amenunua kopo la unga wa kijani "wa kusafisha ini" kwa shilingi 45,000. Bia za wikendi hakuacha. Dawa za mafua zenye paracetamol, alizokuwa akimeza na Panadol juu yake, hakuacha pia, maana hizo hakuna aliyemtajia. Mimi nimekaa maabara miaka kadhaa, upande wa mashine zinazotoa karatasi kama ile, na nimewaona wengi wakiondoka dirishani na sura ya shemeji. Karibu wote wanaisoma herufi H kama hukumu, wakati ile ni alama tu ya "high", yaani juu, inayochapwa na mashine kila namba inapovuka mstari fulani.

Tuanze na namba zenyewe. ALT na AST ni vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Kwenye karatasi za zamani utaziona kwa majina ya SGPT na SGOT; ni vitu vilevile. Mahali pake ni ndani ya chembe, si kwenye damu. Ila chembe huchakaa na kufa kila siku, kwa hiyo kiasi kidogo huwa kinazunguka kwenye damu ya kila mtu. Chembe za ini zikiumia, ama kwa virusi, mafuta, pombe au dawa, kuta zake huvuja na kiasi hicho hupanda.

Nilimwambia shemeji afikirie ghala la unga. Ukiingia ukakuta unga umetapakaa sakafuni, unajua kuna gunia limetoboka. Hujui panya ni yupi. Hujui magunia mangapi yamebaki mazima. Na ghala ambalo magunia yake yamekwisha kumwagika zamani linaweza kuwa na sakafu safi kabisa, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kumwagika.

Ndiyo maana jina la "kipimo cha utendaji wa ini" huwapotosha watu. ALT na AST hazipimi utendaji wowote, zinapima unga uliomwagika. Kazi ya ini unaiona kwenye mistari mingine ambayo mara nyingi hakuna anayeizungushia kalamu: albumini, protini ambayo ini hutengeneza, bilirubini, taka ya rangi ya manjano ambayo ini huitoa, na muda wa damu kuganda, unaoandikwa INR. Mtu mwenye ALT 300 na albumini, bilirubini na INR zilizo sawa, ini lake linaumwa lakini linafanya kazi. Mwenye ALT 35, albumini imeshuka na INR imepanda, huyo ndiye wa kumkimbiza kwa daktari, japo kwenye mstari wa ALT hana H yoyote.

Mstari unaovukwa ni wa nani?

Maabara hupata kiwango cha kawaida kwa kupima watu wanaoonekana wazima na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake ni kwamba katika kila wazima mia, wawili au watatu watakuwa juu ya mstari na hawana ugonjwa wowote. Isitoshe, mstari wenyewe hubadilika kati ya maabara na maabara, hivyo karatasi ya Mwanza na ya Dar es Salaam usizilinganishe kabla hujatazama safu ya viwango pembeni. Maabara nyingi huweka kikomo cha ALT karibu na 40. Wataalamu wa magonjwa ya tumbo na ini wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, walisema kikomo cha kweli kwa mtu mwenye afya ni 29 hadi 33 kwa mwanamume na 19 hadi 25 kwa mwanamke. Viwango vya zamani vilipangwa kwa damu za watu waliodhaniwa wazima, na baadhi yao walikuwa na ini lenye mafuta bila kujua. Kwa hiyo H inaweza kumtisha asiye na kitu, na kukosekana kwa H kukamtuliza aliye nacho.

Halafu AST si ya ini peke yake. Ilipoanza kupimwa kwenye damu, mwaka 1954 na 1955 huko New York, LaDue, Wróblewski na Karmen walikuwa wakiitafuta kwa wagonjwa wa shambulio la moyo. Ipo kwenye moyo, misuli, figo na chembe nyekundu za damu. Mtu aliyeanza jimu wiki hii, au aliyecheza bonanza la Jumapili baada ya miaka mitano ya kukaa, anaweza kupandisha AST, na ALT pia kidogo, na ini halihusiki. Daktari akishuku hivyo hupima kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Na kuna siri ndogo ya maabara: damu ikivutwa kwa taabu, sindano nyembamba, chupa ikatikiswa, chembe nyekundu hupasuka ndani ya chupa na AST hupanda humo humo. Ukiwekea ile chupa mwanga utaona maji ya juu yamekuwa mekundu badala ya rangi ya kimanjano. Mtaalamu makini huikataa. Siku yenye foleni ndefu, si wote walio makini.

Vipo vimeng'enya vingine viwili kwenye karatasi hiyo, ALP na GGT. ALP hutoka pia kwenye mifupa na kondo la nyuma, ndiyo maana kijana anayerefuka au mjamzito wa miezi minane ana ALP ya juu bila ugonjwa. Ikipanda pamoja na GGT, mawazo yahamie kwenye njia za nyongo: mawe, uvimbe, kuziba. Hapo mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo, na ngozi ikawasha.

Namba kubwa na namba mbaya

Kupanda kidogo, chini ya mara tano ya kikomo, ndiko kunakoonekana zaidi, na sababu huwa za polepole: mafuta, pombe, homa ya ini B au C ya muda mrefu, dawa. Kufika maelfu ni habari nyingine. Huko kuna virusi vilivyoingia karibuni, sumu ya paracetamol, au ini lililokosa damu baada ya shinikizo la damu la mgonjwa kuanguka. Lakini hata hapo ukubwa wa namba si ukubwa wa msiba. Kijana mwenye homa ya ini A anaweza kufika ALT 2,000, akawa wa manjano kama embe bivu, na baada ya wiki kadhaa akapona bila kovu. Mwenye kovu lililotanda ini zima anaweza kuwa na ALT 30.

Uwiano nao husema kitu. AST ikiwa zaidi ya mara mbili ya ALT, pombe huanza kushukiwa. Kwa shemeji ALT ndiyo ilikuwa juu kuliko AST, na hilo, pamoja na kitambi, kilo 94 na sukari ya asubuhi ya 6.4, lilinielekeza kwenye mafuta ndani ya ini.

Ila swali lililonishughulisha zaidi lilikuwa hili: je, kuna kovu? Kwa hilo kuna hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Inaitwa FIB-4. Unazidisha umri kwa AST. Matokeo unayagawanya kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Shemeji ana miaka 48. Mara 52 ni 2,496. Chembe sahani zake, ambazo zilikuwa kwenye karatasi ya pili aliyokuwa ameifungia vitumbua, ni 240. Kipeuo cha 71 ni karibu 8.43. Jibu: 1.23. Chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo.

Sasa acha ALT na AST zake zilivyo, badilisha chembe sahani tu ziwe 110. Jibu linaruka hadi 2.69, na juu ya 2.67 mtu anatakiwa aonwe na mtaalamu wa ini. Vimeng'enya havijasogea hata nukta. Kilichobadilika ni namba ambayo hata haiandikwi kwenye ukurasa wa ini. Ini likijaa kovu, damu hushindwa kupita, bandama huvimba, na bandama iliyovimba humeza chembe sahani. Hesabu hii haimhukumu mtu, hupanga tu foleni ya nani apimwe zaidi. Lakini nikipewa karatasi siku hizi, jicho langu huanzia kwenye chembe sahani.

Walio karibu na Ziwa Victoria wana sababu ya ziada ya kutoiamini ALT tulivu. Kichocho cha tumbo, kile kinachoingia kupitia ngozi ukiwa majini, hutaga mayai yanayokwenda kukwama kwenye njia za damu za ini. Kovu hujengeka kuzunguka mishipa, chembe zenyewe za ini zikiachwa kwa kiasi kikubwa salama. Vimeng'enya hubaki karibu na kawaida. Mvuvi anaweza kuishi miaka na karatasi nzuri, kisha siku moja akatapika damu beseni zima. Kule ultrasaundi na kipimo cha choo vina maneno zaidi kuliko ALT, na dawa yake, praziquantel, ni ya bei nafuu na ya siku moja.

Panya ni yupi?

Virusi vya homa ya ini B nitavirudia mwishoni. Kwanza tusafishe jina: homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa wa mbu, ule wa kadi ya chanjo ya uwanja wa ndege. Macho kuwa manjano ni dalili tu, na malaria kali au mawe ya nyongo pia huileta.

Dawa zinahitaji mazungumzo marefu kuliko yanayofanyika dirishani. Paracetamol kwa kipimo chake ni dawa salama, na mwenye ugonjwa wa ini mara nyingi huruhusiwa kuitumia kwa kiasi kilichopunguzwa. Mtu mzima asizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Tatizo ni kwamba imejificha. Imo kwenye dawa za mafua, imo kwenye vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na diclofenac, imo kwenye dawa za hedhi. Mtu anameza vitatu vya majina tofauti akidhani ni dawa tatu. Na sumu yake ni ya kichini-chini: siku ya kwanza mtu hutapika kidogo, akajisikia nafuu, na ini huanza kuporomoka siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kuipinga ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyemeza nyingi apelekwe hospitali akiwa bado mzima wa kuongea.

Dawa za kifua kikuu ni kinyume chake: watu huziogopa kupita kiasi. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinaweza kuumiza ini, ni kweli. Lakini ALT kupanda kidogo wiki za mwanzo ni kawaida na mara nyingi hushuka yenyewe. Madaktari husimamisha ikifika mara tatu ya kikomo pamoja na dalili kama kichefuchefu au manjano, au mara tano bila dalili. Kujisimamishia mwenyewe kwa sababu ya H moja ni kukaribisha TB sugu nyumbani.

Kuhusu kopo la kijani, nilimwomba shemeji asome viungo. Hapakuwa na kipimo hata kimoja, ila picha ya jani na neno "asilia". Sumu nyingi kali ni asilia. Huko Tigray, Ethiopia, wanakijiji wa eneo moja waliugua ini kwa miaka hadi ikagundulika kwamba mbegu za gugu zilikuwa zikichanganyika na nafaka zao. Hata manjano, hii binzari yetu ya pilau, ikikamuliwa ikawekwa kwenye vidonge vyenye nguvu pamoja na pilipili manga, imewaumiza watu ini huko Marekani. Iliyomo kwenye sufuria haina shida. Ini halihitaji kusafishwa. Lenyewe ndilo dobi.

Na kuna sumu inayoliwa bila mtu kununua kopo. Sumukuvu hutoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaua watu 20 Dodoma na Manyara. Hizo ni dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haimtupi mtu kitandani wala haipandishi ALT kwa namna ya kuonekana. Inaandaa saratani ya ini taratibu, na kwa mwenye virusi vya B hatari huzidi mara nyingi. Kupika hakuiondoi, ugali uive usiive. Kinachosaidia ni kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kukausha hadi punje ilie ukiing'ata, kuchambua zilizopasuka na zilizobadilika rangi, na kukoboa. Zile karanga mbaya zilizochambuliwa zisisagwe "kwa ajili ya mboga". Nimeliona hilo likifanywa na akina mama wenye nia njema kabisa.

Kwa mafuta ya ini hakuna kidonge kinachoshinda kupungua uzito. Asilimia 7 hadi 10 hutosha kutuliza uvimbe kwa wengi; kwa kilo 94 ni kama kilo saba hadi tisa. Mayai aliyoyaacha hayakuwa na kosa kubwa. Soda mbili kwa siku, chipsi za usiku na ugali wa kujaza sinia ndivyo vilivyokuwa na kesi, pamoja na bia. Wanywaji wa kahawa wameonekana tena na tena kuwa na kovu la ini pungufu kuliko wengine, kwa hiyo kahawa chungu ya kijiweni nilimruhusu. Kashata nikamnyima.

Tulikubaliana arudie kipimo baada ya wiki kadhaa, bila bia, bila mazoezi makali wiki moja kabla, na orodha ya kila anachomeza mkononi. Apime pia virusi vya B na C, na ultrasaundi. Nikamwambia ya kutosubiri tarehe: macho kuwa manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kuchanganyikiwa. Hizo ni za siku hiyo hiyo.

Ultrasaundi ikaonyesha mafuta. B na C hana. Miezi minne baadaye alikuwa kilo 87, ALT 46, bado ina H, na tumeridhika nayo.

Siku ya vipimo dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alimsindikiza, na kwa kuwa foleni ilikuwa fupi naye akapima. ALT 22. Hakuna H popote. Virusi vya homa ya ini B: vipo.

Swali la kwanza ndani ya nyumba ile halikuwa la dawa. Lilikuwa "umevipata wapi?", na shemeji alinyamaza siku mbili. Nilikwenda mwenyewe kuwaeleza. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu tisa kati ya kumi hubaki navyo maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya asilimia 5 ndio hubaki navyo. Dada ana miaka 44. Chanjo ya B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Uwezekano mkubwa amekuwa navyo tangu kabla hajajua kutembea, kama mamilioni wengine. WHO inakadiria watu milioni 254 duniani waliishi navyo mwaka 2022. Havipiti kwenye sahani, glasi wala kukumbatiana. Hupita kwenye damu, ngono, wembe, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Akapimwa wingi wa virusi na chembe sahani, na sasa anafuatiliwa kila miezi sita. Akihitaji dawa ni kidonge kimoja kwa siku, tenofovir. Watoto wote wawili walipata chanjo zao za wiki ya 6, 10 na 14. Tukawapima hata hivyo, hawana. Shemeji hakuwa na kinga. Alichomwa sindano ya kwanza wiki ile ile, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu ni Januari. Ameiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa ile kalamu ya bluu.